Kulipa ili Kucheza: Nani Anashika Ufunguo wa Kikundi?

Somo kwa jamaa zilizohamishwa, wazazi na viongozi wa vijana

Lengo la somo: Mwishoni mwa somo hili, msomaji ataweza kueleza mchezo wa kuigiza mezani ni nini, ataweza kutofautisha kununua kitabu na kununua ruhusa ya kukisoma, atajua njia halali za kupata maandishi hayo kwa bei ndogo au bure, na ataweza kusaidia kikundi kufanya mapatano juu ya fedha yao kabla ya ugomvi kuzaliwa.



Pengine umeshangaa kuona somo juu ya mchezo katika kurasa hizi. Tumezoea kuzungumza juu ya mashamba, maji, kurudi kwetu na namna ya kuishi na wale waliotupokea. Lakini vijana wetu wametawanyika. Wengine wako kambini, wengine wanaishi katika jamaa zilizowapokea mjini, na wengine wamefika Marekani, Kanada na Ulaya. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Huko, shuleni na katika maktaba ya mtaa, kijana anakutana na wenzake wanaocheza mchezo wa kuigiza mezani. Baada ya majuma machache anasema: «Baba, ninaomba dola 30, nataka kununua kitabu ndani ya simu.» Baba anauliza: «Kitabu gani hicho ambacho hakishikiki mkononi?» Hapo maneno yanaanza nyumbani.

Halafu kijana huyo anawasimulia ndugu zake waliobaki huku. Kikundi cha vijana kinaupenda mchezo, wanachanga, na fedha ya wengi inaingia katika akaunti ya mtu mmoja. Siku mtu huyo akiondoka, au akikasirika, wengine wanabaki na nini? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Si swali la mchezo tu. Ni swali la kuaminiana.

1. Mchezo huu ni nini?

Watu wanne, watano au sita wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimamizi wa mchezo. Yeye anasimulia: «Mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo kuna kijiji ambacho hakiwaamini. Mnafanya nini?» Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake: mganga, mwindaji, mlinzi, msafiri. Anasema mhusika wake anafanya nini. Pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu, wanatupa dadu, na kanuni za mchezo zinaamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa na kujulikana sana ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Leo unamilikiwa na kampuni Wizards of the Coast, ambayo ni mali ya Hasbro. Iko michezo mingine mingi, kwa mfano Pathfinder ya kampuni Paizo.

Wale wanaofundisha upatanisho wataona faida mara moja. Kijana anazoea kusema kwa kinywa cha mtu asiye yeye. Anajifunza kungoja zamu. Anakubali kanuni hata dadu ikimwangusha. Haya ni mazoezi ya baraza.

2. Kwa nini kuna kulipa?

Zamani kila kitu kilikuwa katika vitabu vya karatasi. Sasa maandishi mengi yamewekwa katika vyombo vya intaneti. Chombo kinahesabu nguvu za mhusika, kinatupa dadu, kinaonyesha ramani, na kinawakutanisha wachezaji walio mbalimbali, mmoja Goma, mwingine Nairobi, mwingine Texas. Roll20 ilianza mwaka 2012. D&D Beyond ilifunguliwa mwaka 2017, na Hasbro iliinunua mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 146. Foundry ilitoka mwaka 2020.

Kufungua akaunti katika Roll20 au D&D Beyond ni bure, na kanuni za msingi zinapatikana bure. Kinacholipiwa ni zaidi ya hapo: aina nyingine za wahusika, hadithi zilizokwisha kutayarishwa, viumbe, ramani. Mzazi ajue jambo hili kwanza: mtoto anayeanza hahitaji kununua kitu chochote. Akisema «siwezi kucheza bila kitabu hiki», mwulize kama amekwisha kumaliza kanuni za bure. Tena, katika vitabu vitatu vikubwa vya Dungeons & Dragons, kimoja tu ni cha mchezaji. Viwili vingine vinamhusu zaidi msimamizi.

3. Njia nne za kulipa

Njia ya kwanza ni kununua kitabu ndani ya chombo. Unalipa mara moja, na kitabu kinafunguka katika akaunti yako. Lakini kinasomeka ndani ya chombo hicho. Ukikinunua katika D&D Beyond, hakifunguki chenyewe katika Roll20. Pia kuwa na kitabu cha karatasi hakukupi kile cha chombo, isipokuwa umevinunua vyote viwili pamoja kwa mpango maalumu. Watu wengi wamelipa mara mbili kwa kutojua hilo.

Njia ya pili ni ada ya kila mwezi au ya kila mwaka. Hapa hununui kitabu, unanunua nafasi na uwezo zaidi. Ada hizi hujirudia zenyewe mpaka uzikate. Kijana akiacha kucheza bila kukata ada, kadi ya baba inaendelea kulipa kimya kimya.

Njia ya tatu ni kushirikishana kunakoruhusiwa. Katika D&D Beyond, mwenye ada ya daraja la juu anaweza kuwafungulia wachezaji wa kikundi chake vitabu alivyonunua. Wao wanabaki na akaunti zao za bure. Tufanye hesabu. Tuseme kitabu ni dola 30, na kikundi kina watu 6. Kila mtu akinunua chake, fedha zinazotoka ni dola 180. Mmoja akinunua na kuwafungulia wengine, ni dola 30 pamoja na ada yake. Tofauti ni kubwa. Lakini kumbuka: ada ikikatwa, mlango unafungwa kwa wote, na kitabu kinabaki kwa yule mmoja mwenye akaunti.

Njia ya nne ni kununua programu yenyewe. Foundry inauzwa mara moja kwa dola 50 hivi, bila ada ya kila mwezi, na anayelipa ni yule tu anayepokea wengine katika kompyuta yake. Wachezaji wengine wanaingia bure. Ila kompyuta hiyo lazima iwe na umeme na intaneti muda wote wa kucheza, na vitabu vya kampuni bado vinauzwa mbali.

4. Kununua ruhusa si kumiliki

Mtu akinunua mbuzi, mbuzi ni wake. Anayeuza hawezi kuja usiku kumbadilisha pembe. Maandishi ya vyombo hivi si hivyo. Unachonunua ni ruhusa ya kuingia na kusoma, kama vile mtu anayelipia kiti ndani ya nyumba ya mwingine. Mifano mitatu inatufundisha.

Mfano wa kwanza: Aprili 2009, Wizards of the Coast ilisimamisha ghafla uuzaji wa mafaili ya PDF ya vitabu vyake vyote, ikisema sababu ni wizi wa nakala. Waliokuwa wamekwisha kupakua mafaili yao na kuyahifadhi hawakupoteza kitu. Walioyaacha kwa muuzaji, wakisema watayachukua siku nyingine, wengi walikuta mlango umefungwa. Uuzaji ulirudi mwaka 2013.

Mfano wa pili: Kuanzia mwaka 2008 kampuni hiyo ilikuwa na vyombo vya intaneti kwa chapa ya nne ya mchezo, na watu walilipa ada. Vyombo hivyo vilitegemea programu iliyokuwa inazeeka, na mwanzoni mwa mwaka 2020 vilizimwa. Waliolipa miaka mingi hawakuweza tena kuingia.

Mfano wa tatu: Agosti 2024, kanuni mpya zilipokaribia kutoka, D&D Beyond ilitangaza kwamba maelezo ya uchawi na ya vitu vya ajabu katika karatasi za wahusika yangegeuzwa kuwa ya kanuni mpya, hata kwa watu walionunua yale ya zamani. Watu wakalalamika kwa nguvu. Baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma, na ya zamani yakabaki.

Funzo lake ni rahisi: faili uliyopakua na kuihifadhi ni tofauti na mlango wa kuingilia. Ukipewa kuchagua kati ya faili ya PDF na kitabu cha ndani ya chombo, na ninyi mnaishi pale umeme unapokatika, chagueni faili. Inasomeka bila intaneti, haili mega za simu kila siku, na kurasa zinazohitajika zaidi zinaweza kuchapwa na kuwekwa katika bahasha ya kikundi. Pakueni siku ileile mnayonunua. Wekeni nakala mahali pa pili.

5. Siku wachezaji walipokataa bila kupiga mtu

Tunataka mkumbuke pia habari hii, kwa sababu inahusu kazi yetu ya amani.

Tangu mwaka 2000 kulikuwa na leseni ya wazi iliyowaruhusu watu wengine kuandika na kuuza kazi zao kwa kutumia kanuni za msingi za Dungeons & Dragons. Waandishi wengi wadogo walipata riziki kwa leseni hiyo. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya. Ile ya zamani ingefutwa, na wachapishaji wakubwa wangetakiwa kuitolea kampuni sehemu ya mapato yao.

Wachezaji hawakuchoma duka. Walisoma rasimu, wakaelezana, wakaandika barua, na wengi wakakata ada zao za D&D Beyond. Kampuni ilipouliza maoni, zaidi ya watu 15,000 walijibu, na walio wengi sana walikataa. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni iliacha mpango huo. Zaidi ya hapo, iliweka kanuni za msingi, kitabu cha kurasa 400 hivi, chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Baadaye mwaka huo kanuni hizo zilitolewa pia kwa Kifaransa, na mwaka 2025 zikafuata zile za chapa mpya.

Tazameni hatua zao: walipata habari kamili, walisema neno moja, walitumia nguvu waliyokuwa nayo, yaani fedha yao wenyewe, na walikubali kusikilizana pale upande wa pili ulipofungua mlango. Viongozi wa kambi, je, hatua hizo hamzijui? Ndizo tunazotumia tunapodai haki katika ugawaji wa chakula.

6. Vya bure vilivyo halali

Kuna watu watakaokuambia: «Ninayo nakala, nitakupa kwa simu.» Mara nyingi nakala hiyo imeibwa, na mara nyingine ndani yake mna virusi vinavyoharibu simu. Tusidhani pia kwamba kila mwandishi ni kampuni tajiri. Michezo mingi imeandikwa na mtu mmoja anayefanya kazi usiku baada ya kibarua cha mchana. Na hakuna sababu ya kuiba, kwa maana vya bure ni vingi:

— Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons chini ya Creative Commons, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Unaruhusiwa kuzinakili, kuzichapa, kuzigawa, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili, mradi utaje zilikotoka kama leseni inavyotaka.

— Kanuni za Pathfinder, zinazowekwa bure kwa wote katika Archives of Nethys kwa kibali cha kampuni yenyewe.

— Kazi za «lipa unachoweza» katika duka la DriveThruRPG. Mwandishi anakuachia wewe bei, na ukikosa unaweza kuandika sifuri. Ukipata baadaye, rudi umlipe.

— Nakala za jamii katika itch.io. Waandishi wengi huko huweka nakala kadhaa pembeni kwa ajili ya wasio na uwezo. Kuchukua mojawapo si kuomba. Ziliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Mara nyingine waandishi huunganisha kazi zao kwa ajili ya msaada. Mwaka 2020, katika itch.io, zaidi ya kazi 1,700, kati yake michezo mingi ya mezani, zilitolewa pamoja kwa mchango usiopungua dola 5, na zaidi ya dola milioni 8 zilipatikana kwa ajili ya haki ya watu weusi Marekani. Aliyetoa dola 5 alipata maktaba nzima.

7. Mfuko wa kikundi

Sasa tuseme kikundi kimeamua kununua kitu. Fedha ya simu tuliyoizoea, kama M-Pesa au Airtel Money, mara nyingi haipokelewi moja kwa moja katika maduka haya. Yanataka kadi ya benki. Kwa hiyo kikundi kinamwomba ndugu aliye ng'ambo alipe, nao wanamrudishia. Hapa ndipo matatizo yanapoingia.

Wengi wetu tunaijua likelemba. Kila mtu anachanga, na zamu ya kila mtu inafika. Lakini akaunti haina zamu. Iko kwa jina la mtu mmoja, na mbele ya kampuni mwenyewe ni huyo peke yake. Wengine wote ni wageni wake. Basi kabla ya kutoa hata franka moja, andikeni mapatano. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapendekeza mambo sita:

a) Akaunti ni ya nani? Ikiwezekana, iwe kwa anwani ya barua pepe ya kikundi, si ya mtu binafsi, na watu wawili wanaoaminika walijue neno la siri.

b) Tunanunua nini hasa, kwa bei gani, na je, tumehakikisha hakipatikani bure?

c) Nani anatunza risiti? Risiti isomwe mbele ya wote.

d) Kama kuna ada ya kila mwezi, itakatwa tarehe gani, na nani atakumbusha?

e) Mwenye akaunti akihama, vitabu vitakuwaje? Jibu linaweza kuwa: atarudisha sehemu ya fedha, au ataendelea kuwafungulia wengine kwa muda waliokubaliana.

f) Asiyeweza kuchanga je, atacheza? Sisi tunasema ndiyo. Mchezo unaofungia nje mtoto wa mjane umekwisha kushindwa kabla ya dadu kutupwa.

Neno la siri lisitumwe katika ujumbe wa kikundi. Na mtu yeyote anayekuandikia kwamba atakupa vitabu vyote bure ukimpa neno lako la siri au namba ya kadi, huyo ni mwizi. Usimjibu.

8. Angalizo juu ya vidonda

Michezo hii mara nyingi ina mapigano. Kati ya vijana wetu wako walioona vita kwa macho yao. Hadithi ya kununua, iliyoandikwa na mtu asiyejua tuliyopitia, inaweza kuwa na kijiji kinachochomwa au watoto wanaotekwa. Msimamizi aisome yote kabla. Ana ruhusa ya kuibadilisha: kijiji kinaweza kuwa na ukame badala ya moto.

Mmarekani John Stavropoulos alibuni njia rahisi ambayo ni bure kwa wote. Kadi yenye herufi X inawekwa katikati ya meza. Mchezaji akiigusa, jambo linalosimuliwa linaachwa hapohapo, na haulizwi sababu. Kipande cha karatasi kinatosha. Katika mambo yote ya somo hili, hicho ndicho kitu ambacho kikundi chenu kisikose, na hakigharimu kitu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika jamaa yako, nani anaamua juu ya fedha inayotumika ndani ya simu? Je, watoto wanajua kwa nini?

2. Ni vitu gani vingine tunavyolipia bila kuvimiliki? Tulijua hivyo tulipolipa?

3. Kikundi chenu kina mali yoyote iliyo kwa jina la mtu mmoja: simu, akaunti, shamba, kadi? Mtu huyo akihama kesho, mngefanya nini?

4. Wachezaji wa mwaka 2023 walifaulu kwa hatua zipi? Hatua ipi ni ngumu zaidi kwetu?

Kazi ya juma hili

Viongozi wa vijana, msinunue kitu juma hili. Tafuteni kanuni za bure kwa Kifaransa, pakueni mara moja, na mchague kurasa kumi tu za kuanzia. Kaeni chini ya mti au ndani ya hema, watu watano, na mcheze saa moja. Kisha mjibu swali hili kwa pamoja: tunahitaji kweli kulipa, au tuna vya kutosha? Mkiona mnahitaji, fungueni daftari, andikeni mapatano yale sita, na kila mmoja aweke sahihi yake. Wazazi mnaokaa ng'ambo, fanyeni vivyo hivyo na watoto wenu mezani, kabla ya kutoa kadi mfukoni. Muulize mtoto akueleze mchezo wake. Pengine atakupa mhusika, nawe utacheza.